Kamusi Isiyo na Ayin

Mhariri aligundua asubuhi, hata mkoba hajautua. Alikuwa na mazoea ya kuanza kazi kwa kusoma kile alichokwisha kukimaliza, kama mpishi anayeonja mchuzi wa jana kabla ya kuupasha moto. Akawasha kompyuta, akaandika neno alilolikamilisha wiki iliyopita, akasoma. Akasoma tena. Maneno yaliyokuwa kwenye kioo hayakuwa yake.

"Nani ameingia kwenye neno langu?"

Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la matairi, na kule chini mashine ya upepo ilikuwa inanguruma hadi vikombe vinatetemeka mezani.

"Nauliza! Nani ameingia kwenye neno langu?"

Fundi, aliyekaa meza ya pili, akavua hedifoni. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kipara, ndiye aliyeutengeneza mfumo mzima wa kamusi, na watu wote walimwita Fundi, hata mama yake mzazi. "Neno lipi tena?"

"Inna. Kwenye Ayin."

Kamusi yenyewe ilikuwa ya Kiebrania cha kale kwa Kiswahili, kamusi ya kidijitali, ya kusomwa kwenye simu na kompyuta. Mtu angeandika neno, la kule au la huku, akapata maana, mzizi, sauti ya kulitamka, na kila mahali linapotokea kwenye maandiko ya zamani. Kwa miaka Mhariri aliishi ndani ya lugha ile kama mtu aliyeolewa mbali na kwao. Kazi ilikuwa ya kuchosha, lakini ilikuwa na furaha zake. Kila alipokutana na ndugu wa Kiswahili alipiga kelele mpaka wauza matairi wakainua vichwa: damu yetu kule ni *dam*, saba ni *sheva*, nafsi ni *nefesh*. "Jamaa hawa ni shemeji zetu!" alikuwa akimwambia Fundi. Wakaenda herufi kwa herufi mpaka ikabaki Ayin tu, herufi ambayo jina lake maana yake ni jicho.

Na humo ndimo lilimokuwa neno inna. Mhariri alikuwa ameliandika hivi: kutesa, kuonea, kukandamiza kwa nguvu, akitendewa mwanamke, kumwingilia kwa nguvu. Chini yake akapanga mifano yote kwa mfululizo. Watumwa waliopondwa kwa kazi ngumu ugenini. Kijakazi aliyeteswa na bibi yake mpaka akakimbilia jangwani. Binti wa mfalme aliyelaghaiwa na kaka yake aliyejifanya mgonjwa. Akakataa, akamsihi, na kaka akamshinda nguvu. Wote chini ya neno moja, kwa sababu walioandika zamani zile waliwaandikia wote neno moja.

Sasa neno lilikuwa limepasuliwa vipande viwili. Cha kwanza: kutesa, kuonea, kukandamiza, humo wakabaki watumwa na kijakazi. Cha pili, peke yake huko chini: kumfedhehesha mwanamke, kumwondolea heshima. Humo alikuwa amesukumiwa binti wa mfalme.

Fundi akaja, akainama nyuma ya kiti chake, akabonyeza pembeni mwa kioo pale panapoonyesha kila badiliko na aliyelifanya. Akakohoa kidogo.

"Ni Mwalimu," akasema.

"Mwalimu gani?"

"Tuna wangapi?"

Mhariri hakucheka. Mwalimu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kamusi, na ndiye aliyemfundisha lugha ile tangu akiwa msichana wa chuo, wakati wenzake wanamcheka kwamba anasomea kuzungumza na marehemu. Ndiye aliyemshika kidole na kukipitisha kwenye mstari kutoka kulia kwenda kushoto. Alimwita "binti yangu", na Mhariri, ambaye baba yake alikufa mapema, hakuwahi kulichukulia jina hilo kuwa la mdomoni tu. Ndiyo maana hasira ilimpanda vibaya. Adui akikukanyaga unajua ni adui. Huyu alikuwa mzazi.

Akaingia chumba cha pili bila kubisha hodi.

Mwalimu alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, miwani kwenye paji la uso, anatafuta miwani. "Ah, binti yangu. Hebu nitazamie, hivi miwani yangu—"

"Iko kichwani. Umefanya nini kwenye inna?"

Akaishusha miwani taratibu, akamtazama. "Nimerekebisha kidogo."

"Umelikata neno vipande viwili! Mwalimu, ni wewe uliyenifundisha kwamba mzizi haukatwi ila kwa ushahidi. Ushahidi uko wapi?"

"Kaa kwanza."

"Sikai."

"Basi simama, lakini punguza sauti. Sikiliza. Kamusi hii itasomwa na watu wa dini, wanafunzi, akina mama. Habari ya yule binti ni nzito. Wazee wa zamani waliiona kama fedheha kwa nyumba nzima. Nami nimeweka fedheha. Kosa liko wapi?"

"Kosa ni kwamba mtumwa ameteswa, na msichana amefedheheka. Neno ni lile lile, Mwalimu! Mtumwa ukimwona unamtazama aliyempiga. Msichana unamtazama yeye mwenyewe, kama ameanguka kwenye tope kwa kutoangalia njia. Umemwondoa mkosaji kwenye sentensi."

Mwalimu akatabasamu, lile tabasamu lake la darasani. "Kamusi si mahakama, binti yangu. Mengine ni ya kufunika. Funika kombe mwanaharamu apite."

Mhariri akahisi masikio yanawaka. "Mwanaharamu akishapita," akasema, "kombe linabaki na nani?"

Akatoka, akaufunga mlango kwa kishindo. Mashine ya matairi ilikuwa imezimwa muda huohuo, kwa hiyo kishindo kilisikika mtaa mzima.

*

Mhariri alikuwa akiishi na mdogo wake, mfamasia, mwanamke mwembamba mwenye ulimi wa wembe. Duka lake la dawa lilikuwa kwenye kona ya barabara, na nyuma ya duka kulikuwa na chumba kidogo chenye friji ya chanjo na viti viwili vya plastiki. Hapo ndipo Mhariri alipokwenda mchana ule, badala ya kula.

Mfamasia alimsikiliza huku akipanga chupa za dawa ya kikohozi, lebo zote zikitazama mbele. Alipomaliza kusikiliza akauliza, "Na wewe ulikuwa umeandika nini hasa?"

"Kumwingilia kwa nguvu."

Mfamasia akaiweka chupa chini. "Kumwingilia."

"Kwa nguvu."

"Dada, mtu anaingilia mazungumzo. Anaingilia foleni." Sauti yake ilikuwa tulivu, na Mhariri alijua kwamba utulivu ule si dalili njema. "Mimi hapa sumu naandika sumu. Nikiandika 'dawa chungu' ili nisiwatishe wateja, watu watakufa. Kiswahili kina neno lake. Kila mtu analijua. Wewe na Mwalimu wako mnagombana nani kafunika vizuri zaidi. Yeye kafunika kwa blanketi, wewe kwa shuka."

Mhariri alikaa akitazama mlango wa friji. Lilikuwa neno la kweli, na lilimchoma kuliko yote aliyoyasikia asubuhi. Alikuwa ameandika maneno yale bila hata kufikiri. Vidole vyenyewe vilikuwa na adabu.

Wote wawili walijua wanazungumzia nini. Mfamasia alipokuwa chuoni, alipewa chumba kwenye nyumba ya rafiki wa familia, mtu wa kuaminiwa, mtu wa kukaa viti vya mbele. Mtu yule alimbaka. Aliporudi nyumbani akasema, wazee walikaa kikao. Baba yao mdogo ndiye aliyezungumza: kwamba aibu imeipata familia, kwamba aibu haitangazwi, kwamba yaliyopita si ndwele. Katika kikao kizima hakuna aliyelitaja jambo kwa jina lake. Ilikuwa "ile aibu", "lile jambo", "yaliyotokea". Mtu yule aliendelea kualikwa harusini, na siku moja alimpa Mfamasia mkono mbele ya watu, naye akaupokea, kwa sababu hakukuwa na neno la kuukataa nalo.

"Kamati inakutana Alhamisi," Mhariri akasema hatimaye. "Nitawaambia. Nitawaambia kilichokupata, waone neno hili linamfanya nini mtu aliye hai. Mwalimu anakufahamu, hatathubutu—"

"Utafanya nini?"

"Nitawaambia tu kwamba—"

"Umeniuliza?"

Mhariri akaanza kugeuza chupa iliyokuwa karibu naye.

"Umeniuliza, dada? Au nawe umeshaamua, kama wale wa kikao?" Sasa sauti ilikuwa imepanda. Mteja aliyekuwa dirishani akajifanya anasoma tangazo la miswaki. "Wao walinifunika bila kuniuliza, wewe unataka kunifunua bila kuniuliza. Mimi si mfano wa matumizi! Usiniweke chini ya neno lako na mstari chini yake. Nenda ukapigane na vitabu vyako, kwa vitabu vyako. Kama hoja yako haisimami bila mimi, basi ni mbovu."

Akaenda kumhudumia mteja. Alimuuzia mswaki na dawa ya meno, akamrudishia chenji, akamwambia siku njema kwa sauti ya asali. Kisha akarudi kupanga chupa.

"Samahani," Mhariri akasema.

"Nenda kazini," mdogo wake akajibu. "Na ule kwanza. Ukiwa na njaa unakuwa mjinga."

*

Alhamisi alikwenda na vitabu vyake tu. Alikuwa amelibadilisha neno. Amevirudisha vile vipande viwili kuwa kimoja, na pale palipokuwa na "kumwingilia kwa nguvu" aliandika: kubaka.

Kamati ilikuwa watu wanne: Mwalimu, mchungaji mstaafu, mkutubi wa kike aliyeheshimika sana, na mwanasheria aliyefika amechelewa na kuondoka mapema kila kikao. Fundi alikaa mwisho wa meza akiendesha mitambo. Neno lilipotokea ukutani, mkutubi akashika kifua.

"Jamani. Watoto watalisoma hili."

"Watoto wanasoma habari yenyewe," Mhariri akasema. "Nayo inasema alikataa, akamsihi, akashindwa nguvu. Walioandika zamani zile hawakutafuna maneno. Sisi ndio tunaotafuna."

Mwalimu alikuwa amejiandaa. Alikuwa msomi kwelikweli, na Mhariri, hata akiwa na hasira, hakuweza kumdharau. Alionyesha mahali pengine neno linapotumika, ambapo haijulikani kama mwanamke alilazimishwa au hapana. Ambapo mwandishi anaonekana kujali heshima ya baba kuliko mateso ya binti. "Huwezi kuchukua neno la mahakama za leo," akasema, "ukamvisha mtu wa zama zile."

"Sawa," Mhariri akajibu. "Pale pasipojulikana, tuandike kwamba hapajulikani. Nitaandika mwenyewe. Lakini hapa panajulikana! Mwandishi amepasema wazi, na wewe unapaweka gizani pamoja na pale pasipojulikana. Huo si uangalifu, Mwalimu. Huo ni uoga uliovaa miwani."

Mwanasheria akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Adabu," Mwalimu akasema.

"Adabu ya nani?" Mhariri akapiga meza. Glasi ya maji ikaruka, ikamwagikia karatasi za mkutubi, na kwa muda kidogo kikao kizima kiligeuka kuwa kazi ya kufuta kwa leso. Hiyo ndiyo iliyomharibia. Alikuwa na hoja, lakini baada ya pale alionekana ni mwanamke aliyemwaga maji.

Walipiga kura. Mchungaji mstaafu peke yake ndiye aliyenyanyua mkono upande wake. "Nimeisoma habari hiyo kanisani maisha yangu yote," akasema, akimtazama Mwalimu, "na kila mara niliyaruka maneno yale. Walionijia baadaye ofisini wakilia walikuwa wameona nilivyoruka." Wengine watatu walichagua fedheha.

"Basi limekwisha," Mwalimu akasema. "Mhariri, tafadhali idhinisha Ayin, tuendelee."

Hapa inafaa kueleza jambo moja. Katika mfumo wa Fundi, herufi haikuweza kutoka hadharani mpaka watu wawili waibonyeze: mwenyekiti na mhariri. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo tangu mwanzo, kwa sababu hakumwamini mtu. Kila alipoambiwa kwamba utaratibu huo utawachelewesha alijibu kwamba haraka haina baraka.

"Siidhinishi," Mhariri akasema.

"Kamati imeamua."

"Kamati ina kura. Kidole ni changu."

*

Mwalimu aliamua kuzindua kamusi hivyo hivyo, bila Ayin. Herufi zote nyingine zilikuwa tayari, ukumbi ulikuwa umepatikana, wageni walikuwa wamealikwa. "Nani atatafuta Ayin siku ya kwanza?" alimwambia Fundi. Fundi alijua jibu, lakini alikuwa ameitwa kuunganisha nyaya, si kutoa ushauri, na alikuwa na hasira zake mwenyewe, kwa sababu mfumo alioujenga kwa uangalifu ulikuwa unatolewa ukiwa na pengo kama mdomo uliong'olewa jino la mbele.

Ukumbi ulijaa. Mwalimu alivaa suti, akazungumza vizuri, kwa sababu alijua kuzungumza. Kisha akamwomba mgeni rasmi apande jukwaani na kuandika neno lolote la Kiswahili, kamusi impe mwenzake wa zamani.

Mgeni rasmi, mama mnene mwenye furaha, akafikiri. "Kitu rahisi," akasema. Akaandika: mti.

Mwenzake wa kale wa mti huanza kwa Ayin, na kioo kikubwa kikaonyesha: *Herufi ya Ayin bado haijaidhinishwa.*

"Ah, bahati mbaya tu," Mwalimu akasema. "Jaribu jingine."

Akaandika: mji. *Herufi ya Ayin bado haijaidhinishwa.*

Kicheko kidogo kikapita viti vya nyuma. Mgeni rasmi, akitaka kumsaidia mwenyeji wake, akatafuta neno la heshima, linaloifaa shughuli. Akaandika: milele. Kioo kikamjibu vile vile. Sasa ukumbi mzima ulikuwa unacheka, na mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Jaribuni jicho!" Wakajaribu. Jicho nalo lilikuwa halijaidhinishwa.

Mhariri alikuwa amesimama kando ya mlango, mikono kifuani. Alikuwa ametegemea kufurahi. Badala yake aliona jasho linavyomtiririka mzee yule mbele ya masikio, akaona jinsi anavyoendelea kutabasamu, na hasira yake ikazidi kuwa chungu kwa kuwa ilikuwa imechanganyika na huruma asiyoitaka.

Alimkuta kwenye korido baada ya wageni kuondoka. Mwalimu alikuwa anajifuta jasho kwa leso.

"Umenivua nguo mbele za watu," akasema. "Mimi! Niliyekuokota ukiwa hujui alefu wala beti. Umenifedhehesha."

"Ndiyo," Mhariri akasema. "Hiyo ndiyo fedheha. Sasa unaijua. Watu wamecheka, umetoka jasho, kesho utakunywa chai na itapungua. Hakuna aliyekushika mikono, Mwalimu. Hakuna aliyekuziba mdomo. Bado unataka kuniambia fedheha na kubakwa ni neno moja?"

Mzee akamgeuzia mgongo. Akaondoka kwa kupapasa ukuta, kama mtu aliyezimiwa taa.

Mhariri alikwenda chooni akanawa uso, mara nyingi, maji ya baridi. Alikuwa amesema la kweli na lilikuwa limemfanya ajisikie vibaya. Hilo nalo lilimkasirisha.

*

Watu walianza kuandika. Wanafunzi waliuliza mtumwa yuko wapi, nguvu iko wapi, jioni iko wapi. Mmoja aliandika kwamba kamusi isiyo na mji, mti wala milele si kamusi, ni uwanja mtupu. Fundi aliyasoma yote kwa sauti, akiigiza. Chumba cha pili kilikaa kimefungwa. Mwalimu hakuwa anakuja kazini.

Jumamosi alasiri alikuja nyumbani kwa Mhariri na mdogo wake. Mfamasia alikuwa juu ya ngazi sebuleni, anabadilisha pazia, sindano za pazia mdomoni. Mhariri alimfungulia mlango mgeni, akamkaribisha kiti, akakaa mbele yake. Salamu zilikuwa fupi. Mwalimu alionekana amepungua mwili.

"Nimekuja kukuomba," akasema. "Si kama mwenyekiti. Kama mzee wako. Idhinisha, kisha tutalirekebisha polepole. Miaka ijayo, watu wakishazoea. Maisha yangu yote nimeyaweka kwenye kamusi hii. Usinizike kabla haijakamilika."

"Usinitishe na kaburi, Mwalimu. Andika ukweli, nami nitabonyeza leo."

"Ni neno moja tu!"

"Kama ni neno moja tu, kwa nini umekuja na jua lote hili?"

Walianza upya. Hoja zile zile, sauti zile zile, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Mfamasia alishuka ngazi bila kelele. Akazitoa sindano mdomoni, akaziweka mezani kati yao, akabaki amesimama na pazia begani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Samahani kwa kelele."

"Nina swali moja. Mimi si mtu wa lugha, naomba kueleweshwa tu." Alikuwa akizungumza kama anavyozungumza na mteja. "Huyo binti wa mfalme, umesema amefedheheshwa. Na yule kaka, kamusi inasema yeye amekuwa nani?"

Mwalimu akafikiri. "Kamusi haisemi juu yake. Yeye ni mtendaji tu."

"Ametenda nini?"

"Amem… amemfedhehesha."

"Kwa kufanya nini?"

Mwalimu akatazama sakafu.

"Kwa sababu," Mfamasia akasema, "baada ya lile tendo, yeye alirudi akakaa kwenye kiti chake. Sivyo? Watu wakamsalimu. Wakamwalika. Na sisi ndio tuliobaki na fedheha. Kila mtu alitusitiri mpaka tukakosa pa kupumulia."

Alisema sisi. Mhariri hakuthubutu hata kumgeukia. Mwalimu aliinua macho akamtazama mdogo mtu yule aliyemfahamu tangu akiwa na sare ya shule, akamtazama kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo, kama wa mtu anayesoma mstari aliokuwa ameusoma kinyume.

"Mwanangu," akaanza.

"Hapana," Mfamasia akasema. "Sikuomba pole. Nimeuliza swali."

Mwalimu akainuka, akasahau fimbo yake, akarudi kuichukua, akaenda. Hakuahidi chochote.

Mhariri alimshika mdogo wake mkono.

"Hukuwa na haja ya kufanya hivyo."

"Najua," Mfamasia akasema. "Ndiyo maana nimefanya." Akaipanda tena ngazi. "Nipe hizo sindano. Na usinitazame hivyo, pazia halijitundiki."

*

Jumatatu Mhariri alikuta badiliko kwenye mfumo. Lilifanywa na Mwalimu. Neno lilikuwa moja tena. Kutesa, kuonea, kukandamiza kwa nguvu; akitendewa mwanamke, kubaka. Watumwa, kijakazi na binti wa mfalme walikuwa pamoja. Chini yake Mwalimu alikuwa ameongeza maelezo yake mwenyewe kuhusu mahali pale pasipojulikana, mafupi, safi, yenye uangalifu. Yalikuwa maelezo mazuri kuliko ambayo angeyaandika yeye. Alitamani kupata kosa ndani yake, akayasoma tena na tena, hakulipata. Akabonyeza.

"Imetoka," Fundi akasema, akapiga makofi peke yake.

Wiki ile simu hazikunyamaza. Wengine walitukana, mmoja aliandika kwamba kamusi imeandikwa na wanawake waliokosa waume. Wengine waliandika mstari mmoja tu wa asante, bila jina. Mkutubi alijitoa kwenye kamati. Na baba yao mdogo, aliyesikia habari redioni, alipiga simu kumuuliza Mhariri kwa nini wanachimbua mambo. Mfamasia aliichukua ile simu mkononi mwa dada yake. "Baba mdogo," akasema, "mimi nilibakwa. Ukitaka kulizungumza tena, tutaanzia kwenye neno hilo. Wasalimie nyumbani." Akakata, akarudi kuhesabu vidonge vya mteja, na alipokosea ilibidi aanze upya.

Redioni penyewe alikuwa amealikwa Mwalimu. Mhariri na Fundi walimsikiliza ofisini. Alieleza kwa sauti yake nzuri jinsi kamati, baada ya tafakuri ya kina, ilivyoona ni wajibu wake kusimama na ukweli; jinsi ambavyo msomi hapaswi kuogopa kelele za watu. Mtangazaji akamsifu kwa ujasiri. Mwalimu akashukuru.

"Tafakuri!" Mhariri akaifokea redio. "Tafakuri ya kina! Mzee huyu! Nilimburuta kwa masikio!"

Fundi alikuwa anacheka mpaka kipara kinang'aa. "Zima basi."

"Sizimi! Nataka nisikie uwongo wote mpaka mwisho!"

Akausikia mpaka mwisho. Kisha akaenda chumba cha pili, akamwekea Mwalimu karatasi mezani: *Nimekusikia redioni. Tutaonana Jumatatu. Njoo na hoja zako za marekebisho ya herufi ya Pe, na safari hii ukitaka kugusa neno langu, niite kwanza.* Akaifikiria sahihi. Alikuwa amezoea kuandika *binti yako*. Akaandika *Mhariri*, akarudi mezani kwake, akafungua Pe aipitie upya. Neno la kwanza maana yake ilikuwa mdomo, nalo tayari lilikuwa na ubishi wake.